Ngazi za Gargano

Libera hushuka na ndoo kabla kengele haijalia.
Ngazi themanini na sita; magoti yanazijua
kuliko macho.
Mahujaji walichora viganja vyao jiweni kwa ncha ya kisu.
Kidole gumba cha mtu aliyekwisha kufa
kinalingana na chake.

Wanasema fahali alipotea. Mwenyewe, tajiri wa hasira,
akamkuta amepiga magoti mlangoni mwa pango,
akavuta upinde.
Mshale ukageuka njiani, ukamrudia
kama tusi lililokosa mtu.
Ndipo Mikaeli akanena: Hapa ni pangu.
Askofu alipokuja kutabaruku, akakuta
unyayo umeshazama mwambani.

Lakini bibi yake, aliyenuka maziwa ya mbuzi hadi kaburini,
alisema kwa sauti ya chini:
kabla ya malaika palikuwa na mwaguzi.
Watu walichinja kondoo dume mweusi,
wakalala juu ya ngozi ingali na joto,
wakingoja ndoto iwatajie dawa.

Nani alimpisha nani?
Libera hamuulizi padri.
Anapangusa upanga wa marumaru, bawa,
na mgongo wa ibilisi, ambao wengine huusahau.
Mwamba unadondosha maji ndooni, tone,
tena tone.

Mwanawe hajalala tangu Jumanne, kifua kinakoroma.
Leo chini ya aproni ameficha
kipande cha ngozi ya kondoo.
Atakitandika benchi la nyuma, ajilaze kidogo.
Kisha atatoka kinyumenyume, kama ilivyo desturi,
asimpe kisogo malaika,
wala yule aliyemtangulia.