Vioo Viwili, Furu Mmoja

Lushinge kanipa siku tatu na vioo viwili vya kuchorea,
kitambulisho changu kakifungia kwenye mtoto wa meza.
"Ukivunja, umenunua," kasema. "Ukipenda, umenunua.
Ukishindwa kuchagua, Jumatatu kabla ya adhuhuri."
Nikapanda navyo Mabatini kwa ngazi za mawe,
kimoja mgongoni, kimoja kifuani, kama mama wa pacha.

Cha kushoto: inchi kumi na tatu, laki sita na nusu.
Cha kulia: inchi kumi na sita, milioni moja na laki mbili.
Meza yangu ni moja, ya chai na ya kazi.
Cha kulia kinaifukuza sufuria.
Cha kushoto kinakaa, na chapati bado ina mahali.

Maboksi yote mawili yanajisifu
viwango elfu nane vya mgandamizo wa kalamu.
Mkono wangu una vinne tu:
kugusa, kukaza, hasira, na kodi ya nyumba.

Kitabu cha darasa la tatu kinataka furu kumi na wawili,
wale wadogo wa miambani,
wengine hawajaonekana tangu sangara afungue kinywa.
Nimepewa picha zisizo na rangi
na chupa ya spiriti, ndani yake samaki
aliyepauka kama risiti ya mwaka juzi.

Kwenye cha kushoto kalamu iko hapa,
mstari unatokea pale,
kando kwa punje moja ya ulezi.
Nikaukumbuka utoto, maji ya magoti, Kitangiri,
tukimlenga kamongo kwa fimbo iliyochongwa:
unapomwona sipo alipo.
Lenga chini yake.
Mkono uliyajua hayo kabla ya shule.

Kwenye cha kulia hakuna maji kati yetu.
Ncha na wino vimelala shuka moja.

Ila kina homa.
Saa moja tu, kiganja kinatoka jasho,
na kinadai soketi yake peke yake, kama mgeni wa heshima.
Ijumaa usiku umeme ukakatika:
cha kulia kikazima na gamba mdomoni;
cha kushoto kikanyonya kompyuta,
kikamalizia pezi la mgongo gizani.

Jumamosi visubi wakatoka ziwani,
wingu zima, wakapita dirisha la chuma,
wakakipenda kikubwa, chenye mwanga mwingi.
Wakamjaza furu wangu madoa
ambayo hakuzaliwa nayo.

Jumapili akaja shangazi Nkwimba,
miaka kumi na tisa kiwandani akichuna minofu,
vidole viwili havikunji tena.
Sikumtajia bei.
Nikaviweka vioo sambamba,
samaki yuleyule, rangi zilezile,
kushoto tumbo linaelekea kijani,
kulia linawaka kama kaa lililopulizwa.
Akainama. Akanusa. Haki ya Mungu, alinusa kioo.

"Huyu wa kushoto kafa jana."
"Na wa kulia?"
"Leo alfajiri."
"Hakuna aliye hai?"
"Atakuwaje hai? Umempa jicho la sangara."

Akadai chai.
Nikalifuta jicho. Nikalichora upya mara tisa,
dogo zaidi, la juu zaidi, lenye wasiwasi,
kwenye hiki, kwenye kile,
hadi nikasahau nimeshika kalamu ya nani.
Shangazi kutoka kitini: "Hapo. Usimguse tena."
Nikatazama chini ya mkono wangu.
Kilikuwa cha kushoto.

Jumatatu nipo kaunta ya Lushinge,
cha kulia kwapani, bahasha mkononi.
"Nitakirudia hiki," namwambia.
"Wote husema hivyo," anahesabu noti,
analamba kidole, anahesabu tena,
nami nahesabu zangu:
mmoja tayari, bado kumi na mmoja,
na wa tano hakuna aliye hai
anayekumbuka tumbo lake lilikuwa rangi gani.