Kidevu Hapa, Paji Hapa

Kidevu hapa, Mwalimu, paji hapa. Usipepese,
anasema Ndeshimuni wa chumba namba sita,
nami niliyewafundisha watoto wa Kibosho
kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka
naweka kidevu kwenye kikombe cha plastiki
kilichofutwa kwa spiriti, bado baridi.

Sukari imetoboa mishipa nyuma ya jicho.
Wanaichoma mmoja mmoja, kwa mwali wa kijani.
Ta. Ta. Kila nukta kama punje ya ulezi
ikiruka kwenye chungu kikavu.

Jana niliipata barua ya Elirehema.
Ndiye aliyeleta darasani kioo cha baba yake
cha kunyolea, kioo mbonyeo,
akalikusanya jua la dirishani, akalituma
mpaka kwenye sikio la Kiwia
aliyesinzia dawati la nyuma.
Kiwia aliruka. Tulicheka hadi kengele.

Sasa yuko ughaibuni, anafunga jicho
kwenye pua ya ndege.
*Kioo chake, Mwalimu, kinapita ungo wa mama.
Kombora likiinuka, likiwa bado na mkia wa moto,
tunalitupia doa moja la mwanga
na kulishikilia papo hapo, sekunde tano, sita,
mpaka bati lilegee.
Hatulipui kitu. Linapasuka kwa pumzi yake lenyewe.*

Adui, anasema, ni hewa.
Joto linaupinda mwanga, vumbi linaunywa,
basi kioo hujikunja na kujikunjua
mara elfu kwa sekunde, kubembelezana na mbingu.
Hewa! Niliwaandikisha: haina rangi, haina harufu.
Sikuwaambia ina ukaidi.

Usipepese, Mwalimu.

Mama yangu aliogopa mwanga.
Si huu wa taa. Yule mwingine,
arukaye uchi juu ya mapaa wakati mbwa wamenyamaza.
Neno moja, herufi zile zile.
Niliporudi na cheti cha chuo nilimcheka.
Na leo mwanafunzi wangu ameupandisha mwanga ndegeni,
unazunguka juu ya mawingu usiku kucha
ukivizia paa la nani, sijui.

*Ni ngao tu*, ameandika, na kupigia mstari.
Ngao. Nimeligeuza neno hilo kama shilingi ya zamani.
Mwenye ngao isiyotoboka
huacha kuogopa mkuki wake mwenyewe.
Na vile vipande, Elirehema,
vya kombora lililopasuka,
vinaangukia mgomba wa nani?
Hapo kalamu yako imeruka mstari.

Anakiri ndege ni ghali, na lazima isogee karibu,
karibu mno, ndipo mwanga uume.
Wenye fedha wanakuna vichwa.
Huenda ikaegeshwa jangwani, ikalala na mchanga.
Ananiomba nimwombee isiegeshwe.

Tumemaliza, anasema Ndeshimuni.
Dunia imekuwa zambarau.
Nje watu wanausifu mlima, kumbe umefunguka;
mimi naona shuka limeanikwa mbali.

Kiwia ndiye aliyenileta, ndiye anayenirudisha,
amenishika kiwiko tuvuke barabara.
Namuuliza: lile doa la jua, unalikumbuka?
Anakaa kimya mpaka lori la saruji lipite.

Liliunguza, Mwalimu.
Mlikuwa mnacheka. Nikacheka na mimi.