Shika Sikio

Mwaka ule mwalimu wa uandikishaji hakuuliza cheti.
"Pitisha mkono utosini, shika sikio la upande wa pili."
Pazi akapitisha, akapinda shingo kidogo,
ncha ya kidole ikagusa,
ikaandikwa: miaka saba.
Alikuwa na mitano na nusu.
Mama alicheka njia nzima hadi Vingunguti:
mwanangu ana mikono mirefu.

Daftari la kura lilipofunguliwa
shuleni palepale, darasa lilelile,
mjumbe Chaurembo alipita nyumba kwa nyumba akihesabu vichwa.
Pazi alikuwa na kumi na sita. Na ndevu tatu.
"Mwili huu? Kumi na nane hii, tena imezidi."
Akapigwa picha, akapewa kadi,
akaitembeza mtaani kama hati ya kiwanja Mbweni.
Mimi dada yake, wa ishirini halali,
nilikuwa bado kwenye foleni, jua la saa nane.
Nikamuuliza: utamchagua nani?
"Atakayeweka taa pale kwenye kivuko cha machinjioni."

Siku ya kura ilimkuta Segerea.

Vioo viwili vya pembeni, vya gari la mtu, Gerezani.
Alivichomoa. Hapo simtetei.
Mwishehe wa jirani alishika mfuko,
akakamatwa naye, akaulizwa umri, akasema tisa,
akarudishwa kwa bibi yake kabla ya magharibi
akitafuna andazi alilopewa kituoni.
Chini ya kumi, sheria haina neno na wewe.
Alibakiza wiki mbili.

Pazi hawakumuuliza.
Askari alimpapasa, akatoa ile kadi,
akaisoma kwa sauti:
"Mtu mzima huyu."
Wino ukakauka.

Kadi ya kliniki ilikwenda na maji ya Msimbazi,
pamoja na godoro na kuku wanne.
Kwenye dirisha la vyeti karani akauliza, tarehe?
Mama akasema: usiku wa Ijumaa, umeme umekatika Ilala nzima,
mkunga kashika tochi kwa meno,
Ramadhani haijaandama.
Karani si mtu mbaya. Kalamu yake ilisimama hewani.
"Mama," akasema, "Ijumaa ni nyingi."

Nimejifunza namba zote, mtu akiniamsha usiku nazitaja.
Kumi, uweze kukosa.
Kumi na nane, uchague, na ufungwe na wakubwa.
Ishirini na moja, uombe ubunge.
Arobaini, uote Ikulu.
Juu ya hapo ngazi haina kikomo, panda mpaka magoti yagome.
Mgombea wetu ana sabini na kitu.
Bango lake pale Tazara lina nywele nyeusi tii,
na hakuna aliyemwambia
ashike sikio.

Daktari alipiga picha kifundo cha mkono,
akatazama mifupa ya mdogo wangu kwenye mwanga,
akaandika: kati ya kumi na sita na kumi na tisa.
Yaani, mtoto. Au si mtoto.
Ada tulilipa.

Kisutu, chumba cha pili, pangaboi limeharibika.
Hakimu akavua miwani.
"Una miaka mingapi?"
Pazi akamtazama Mama. Chaurembo hakuja.
"Ipi, mheshimiwa?
Ya shule, ya kura, au ya Mama?"
Watu wa benchi la nyuma wakacheka.
Hakimu hakucheka. Aliandika kitu kirefu,
akakifuta, akaandika tena.

Imeahirishwa hadi tarehe kumi na nne.
Siku hiyo natimiza ishirini na moja,
wenzangu wananitania: mheshimiwa mtarajiwa.
Nitaamka mapema, nipige pasi gauni la Mama,
tufike kabla mlango haujafunguliwa,
tukae benchi la mbele,
amwone kila akigeuka
huyu aliyekuwepo usiku ule wa tochi.