Kuondoka Huja Mwisho

Hapa At-Bashy hata jina la mji lina mwenyewe:
at ni farasi, bash ni kichwa,
na ile y ya mwisho, nyembamba kama uzi wa usinga,
ndiyo isemayo kichwa hiki ni chake.
Ikate, ubaki na mizoga miwili.

Mwalimu Burulsun anajua hayo. Ni Februari,
jiko la makaa linakohoa kuwashinda watoto,
naye ameandika neno moja ubaoni,
at,
kisha analitembeza vituo vyake vyote:
atka, kumwendea farasi,
atta, hapo alipo farasi,
attan, kutoka kwa farasi.
Chaki inakatika kwenye t ya pili.

"Sasa wako, Toktosun. Sema atym."

Toktosun yuko dirishani, kofia mapajani,
anainyonyoa manyoya.
"Sina," anasema. "Menin atym jok."
Darasa zima linaangua kicheko,
maana at ni farasi, na at ni jina vilevile,
na mtoto wa Asanbay amesimama mbele ya watu
kutangaza kwamba hana jina.

Mwalimu hacheki. Jumapili alikwenda mnadani
kutafuta viazi, akamwona yule wa kijivu
akipandishwa lori la watu wa Kochkor,
miguu ya nyuma imegoma,
na baba mtu akihesabu noti kwa kidole chenye ufa,
akihesabu tena.
Tangu hapo ni aty. Farasi wake,
huyo mwingine.

Anaokota kipande cha chaki.
At, anaandika. Ym. Dan.
"Angalia foleni. Kwanza yeye.
Kisha wewe, umempanda mgongoni,
hii m hapa.
Kuondoka kunakuja mwisho, hakupati nafasi katikati yenu.
Hata tukisema umetengana naye,
tumekwisha kusema ni wako."

(Katika lugha ninayoandikia, kutoka hutangulia,
na wangu hufika nyuma ya wote, akihema.
Labda ndiyo maana nimeenda na neno hili mfukoni
siku nyingi.)

Toktosun hasemi asante.
Anavaa kofia humo humo darasani, kinyume cha kanuni,
analiandika neno mara moja, si tano alizoagizwa,
na kuikandamiza m
hadi karatasi inatoboka,
na upande wa pili, kwenye hesabu za jana,
panabaki tundu.