Pipa Linalolia

Hombolo, mwezi wa saba, upepo umekausha hata mate,
nikaitwa, mimi fundi wa mizinga,
nikaangalie pipa linalia wapi.

Lilikuwa linalia kweli. Tone. Kimya. Tone,
juu ya saruji aliyoimwaga marehemu baba yake
akidhani anajenga ghala la mtama.

Sechelela binti Chidawali, aliyesomea mvinyo ng'ambo
akarudi na mapipa matatu na deni la benki,
akaniambia, "Mzee Ndahani, huo ni mwaloni.
Usiupige kwa hasira."
Mimi, niliyevunja tezo mbili juu ya mpingo mmoja,
leo nafundishwa hasira!

Nikaweka sikio. Nikagonga kwa kidole.
Mti huu sijawahi kupumzika kivulini mwake,
sijui ndege gani anaukalia,
mdudu gani anautoboa.
Lakini ubao ni ubao: ukikauka unanywea,
ukinywea unasema siri.

Nikakata tete bwawani, nikalipasua jembamba,
nikalisokomeza kati ya ubao na ubao,
nikaziba kwa nta ya nyuki wa Chenene,
nikakaza ukanda wa chuma.
Kilio kikakoma.

"Ujira wako elfu thelathini," akasema,
"na hii juu yake."
Glasi ya mguu mmoja, mrefu, kama korongo aliyesimama matopeni,
na ndani yake rangi ya mabua baada ya mavuno.

Nilitaka kuigida. Akanishika mkono.
"Izungushe. Inuse. Mvinyo umelala miezi kumi,
upe nafasi uamke."

Basi nikanusa, kama mbuzi kwenye magadi.
Nikaonja.

Mwanzo zabibu tu, zile nyeupe za Mbeleje,
ambazo mwaka juzi zilikosa mnunuzi
zikaoza kwenye matenga, wakashiba nguruwe.
Halafu ganda la limau.
Halafu samli, samli kabisa, ikiyeyuka juu ya ugali wa uwele,
na karanga zilizokaangwa mchangani.
Halafu kitu kikakaa kooni, hakitaki kushuka.
Nakijua. Jina lake silipati.

"Wengine husema vanila," akasema.
"Wengine, mkate wa kuchoma."
Sikulelewa na vanila mimi.

Nikanywa tena, polepole,
na mama yangu akaingia ghalani.
Ameinamia kijinga kinachofuka,
anakisukuma ndani ya kibuyu kitupu, anasugua,
anakung'uta majivu, anapuliza,
anamimina maziwa ya jioni.
Asubuhi hayakuwa tena maziwa matupu.
Yalikuwa yamelala na moto.

"Pipa hili lilichomwa ndani," nikasema.
Sechelela akanitazama kama mwizi aliyefungua kabati lake.
"Lilichomwa. Umejuaje?"
"Kibuyu."

Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Huko kwenye theluji yao, basi, kuna mtu
aliyeinama hivyo hivyo juu ya moshi,
macho yakimtoka machozi,
mtoto nyuma yake akiuliza: bado?

"Lakini samli imezidi," nikaongeza,
maana glasi ilishanipa ulimi.
"Zabibu za Mbeleje nazisikia kwa mbali,
kama mtu anayeita akiwa kisimani.
Mwakani utoe mapema kidogo."
Akaandika. Naapa, aliandika kwenye daftari.

Nikarudi kwa baiskeli, upepo wa mbele,
mfukoni noti tatu za elfu kumi na kipande cha tete.

Mke wangu mlangoni: "Umekunywa!"
"Nimeonja ubao."
"Ubao," akasema, akipokea hela, akihesabu.
Kisha akaukamata mkono wangu, akaunusa,
vidole, kiganja, vidole tena,
na ukali wote ukamtoka usoni.

"Hivi," akauliza, "kile kibuyu cha mama yako
tulimpa nani?"