Nusu Lami, Nusu Kifusi

Zimeegemezwa ukutani, dukani kwa Mkubwa Faki, Wete,
bado zina vumbi la kontena.
Moja usukani umejikunja kama pembe za beberu,
tairi jembamba, lakini linaparuza,
ulimi wa paka.
Ya pili usukani umenyooka, mpini wa jembe,
mbele ina springi mbili za kunesa,
nyuma mgongo mkavu, chuma kwa chuma.
Bei ni moja. Hilo ndilo lililoniudhi.
Lau moja ingekuwa ghali, umaskini ungenichagulia,
nami ningelala.

Mie ni mtu wa mayai.
Jumatatu na Alkhamisi, trei nne nyuma,
kutoka Kambini mpaka migahawa ya Wete.
Njia yangu nusu lami, nusu kifusi,
na kwenye kifusi kuna kilima tunakiita Shuka Uombe.
Pale hata baiskeli ya marehemu baba, ile nyeusi ya Kichina,
ilivuliwa heshima ikasukumwa.

Nikaipanda ya pembe kwanza.
Lami iliipokea kama mgeni aliyekuja na zawadi.
Sikukanyaga, niliwaza tu, ikenda.
Upepo ukaniingia shatini, nikawa kijana
mpaka penye skuli.
Halafu lami ikakatika
kama maneno ya mtu aliyekumbuka kuwa anadaiwa.
Viganja vikaanza kulia. Meno yakajibu.

Nikarudi, nikachukua ya springi.
Kwenye lami inanguruma, inavuta miguu kama tope;
kwenye kifusi mikono yangu ilisinzia.
Nikafurahi. Kisha nikakumbuka:
mayai hayakai mikononi.
Mayai yanakaa nyuma, kwenye mgongo mkavu,
na springi iko mbele, inanibembeleza mie,
mtu mzima, nisiyepasuka.

Mkubwa Faki alicheka hadi kofia ikamwendea upande.
"Tairi la nyuma lipunguze upepo, tia kipande cha godoro chini ya trei.
Mengine kamwambie kuku, atage ganda zito."

Bado nikasita. Kwani tumeahidiwa lami.
Walikuja wapimaji, mwaka juzi, na kofia zao za manjano,
wakapigilia vigingi vya rangi nyekundu hadi mlangoni pa msikiti.
Kimoja, mke wangu Bikombo amefungia mbuzi.
Nikamwambia: lami ikija, ile ya pembe itakuwa mfalme.
Akaniuliza, bila kuinua uso kwenye kisamvu anachochambua:
"Unanunua baiskeli ya njia ipi, Khatibu?
Ya hapa, au ya mkutanoni?"

Usiku kucha swali lile likanizunguka
kama mbu aliyefungiwa ndani ya chandarua.

Asubuhi nikamuuliza Mkubwa neno moja tu: zikifa?
"Tairi la ile ya pembe likipasuka, utalisubiri meli tatu.
Springi ya hii ikifa," akapangusa grisi kwenye suruali,
"haifi yote. Inageuka chuma.
Na chuma tushakizoea."

Nimeichukua. Sisemi nimechagua vyema.
Kila Jumatatu, kwenye ile nusu laini,
mwalimu mmoja kijana wa Pandani hunipita na zile pembe,
mgongo umelala, hata kengele haigusi,
na roho yangu hutoka mbio nyuma yake
mpaka lami inapokwisha.
Huikuta hapo inanisubiri, imeona haya.

Juzi, kwenye Shuka Uombe, sikushuka.
Nikafika Wete, mwenye mgahawa akahesabu
trei kwa trei, kidole kimelowa chai:
mia na kumi na nane.
"Na mawili?"
"Haki ya njia," nikamwambia.
Akaandika.