Mkono Uliobaki Pongwe

Korona iliuchukua saa nne asubuhi,
zamu ya kwanza, singa bado zinachuruzika maji.
Nilivuta kabla sijajua navuta:
uti wa mgongo haungoji amri ya kichwa,
ila siku ile hata wenyewe ulichelewa.

Sasa ni mwaka. Kiganja hakipo,
na kidole gumba chake kinaniwasha.

Pale Bombo, dada Mwantumu wa mazoezi
alinichorea nyuma ya kadi ya kliniki:
huu ubongo, huu uti,
na hizi neva, zinashuka begani hadi kwenye kucha,
uzi kwa uzi, kila mmoja ndani ya ala yake.
Nikamwambia, huo mbona mkonge, dada.
“Mkonge,” akasema, “ila huu unasema.
Na uzi uliokatwa haujui umekatwa.”
Huko juu, kwenye ramani ya zamani,
mkono bado una chumba chake:
taa inawaka, mwenyewe hayupo.

Nambua hucheka akiniona najikuna hewani.
Moyo unadunda bila kuniuliza,
usingizini napumua, sijui nani anahesabu.
Wanaoyajua yote hayo
hili moja limewapitaje?

Juzi nimeazima kioo kwa kinyozi, Barabara ya Kumi na Mbili,
kile cha kuonyeshea kisogo.
Nikakisimika katikati ya kifua,
wa kulia mbele yake, kigutu nyuma.
Nikafungua ngumi. Polepole.
Kiooni, wa kushoto nao ukafunguka.

Mwaka mzima ulikuwa umefumba,
umeng'ang'ania jani.

Nikalia. Kinyozi akataka kioo chake,
mteja anangoja.